Ngoma Iliyoupa Mto Mgongo

Paukwa!

Pakawa!

Aa, hiyo si pakawa, hiyo ni pumzi ya mtu aliyeshiba. Paukwa!

Pakawa!

Hapo sawa. Sogeeni. Na wewe mwenye kikohozi, kohoa sasa hivi umalize, maana nikianza sisimami. Hadithi hii wengine nao huisimulia, nimewasikia. Huisimulia kama mtu aliyekuta samaki ameshaliwa, akabaki kuelezea miiba. Mimi ninaye samaki mzima, na kichwa chake, na mkia wake, na mchuzi.

Hapo zamani za kale, zamani ambazo hata babu yangu alizisikia kwa watu, palikuwa na kijiji ukingoni mwa mto mpana. Mto ule ulikuwa na samaki, ulikuwa na viboko, na ulikuwa na mamba. Mamba wenyewe! Si hawa wa siku hizi wanaolala mchangani na kupiga miayo. Kulikuwa na mmoja mkubwa hivi, akitoka kuota jua, ndege walidhani kisiwa kimeongezeka. Wanakijiji walimpa jina la Shemeji. Kwa nini Shemeji? Kwa sababu hufika bila kualikwa, na akifika hakosi kula. Mashemeji mliokaa hapa, mnisamehe.

Sasa, kijiji kile kilikuwa na ngoma. Ngoma kubwa, imechongwa kwenye gogo la mkongo, imewambwa ngozi ya nyati, na jina lake Mfukuza. Kila siku jua likisimama utosini, mpiga ngoma alipanda kwenye kilima kidogo kilicho juu ya kivuko. Akapiga. Ndi! Ndi! Ndi-ndi-ndi! Wanawake wakisikia, hao, mitungi kichwani, wanashuka mtoni kuchota. Na ngoma haikunyamaza mpaka wa mwisho apande.

Ngoma ile ilikuwa na mwiko mmoja. Mpigaji asiutazame mto. Ataupa mto mgongo, uso wake uelekee kijijini, basi. Akiutazama, ameonyesha woga, na ngoma itakufa sauti. Ndivyo walivyosema wazee. Mimi nilisikia kwamba mpigaji wa kwanza kabisa alikuwa na macho mabovu, mng'ao wa maji ulimchoma, ndiyo maana akageuka. Lakini hayo niachieni mwenyewe.

Siku za hadithi yetu, mpigaji alikuwa kijana mmoja akiitwa Lipwata. Mabega kama mlango! Mdomo nao mpana vilevile. Ngoma ilikuwa ya babu yake, ikawa ya baba yake, ikawa yake. Akipita njiani alitembea kama mtu anayesikia watu wakimsifu nyuma, hata pasipokuwa na mtu nyuma.

"Mnakunywa maji ninyi?" alikuwa akiwaambia wenzake. "Mnakunywa mikono yangu hii! Nikiumwa bega, kijiji kizima kinakufa kiu."

Na mke alikuwa naye, Sihaba, waliooana mavuno yaliyopita. Mdogo wa umbo, mkali wa maneno. Yeye ndiye mtu pekee aliyeweza kumwambia Lipwata, "Haya, mikono imesikika, sasa iende ikapasue kuni." Na mikono ikaenda.

Basi wakaishi. Ngoma ikalia, maji yakachotwa.

Kisha kikaja kiangazi. Kiangazi kibaya! Visima vikakauka, madimbwi yakapasuka kama nyayo za mzee, mto ukajikunja katikati ya mchanga wake. Watu wakabakiwa na kivuko tu pa kuchota maji.

Na Shemeji akaanza.

Akaanza na mbuzi wa Jumbe. Mbuzi alishuka na wanawake, akainama kunywa. Kwaa! Hakuna mbuzi. Kesho yake mbwa. Kwaa! Hakuna mbwa. Siku nyingine akamkamata Bi Mtumwa kwenye pindo la kaniki yake. Bi Mtumwa alikuwa mwerevu, akajifungua kaniki, akamwachia. Akapanda kijijini amejisitiri kwa mtungi, na hakuna aliyethubutu kucheka mpaka alipoingia ndani na kufunga mlango.

Tulicheka hapo, eeh? Basi tusicheke tena. Baada ya Bi Mtumwa ikawa zamu ya Nachenga, mama wa watu, na Nachenga hakurudi.

Kijiji kikalia. Kilipomaliza kulia kikakutana uwanjani kwa Jumbe.

Jumbe Mtopela alikuwa mtu wa kitambi na fimbo. Akauliza, "Ngoma ilikuwa inalia?"

Watu wakajibu, "Ilikuwa inalia."

"Ilikuwa inalia sana?"

Mmoja akasema ilikuwa inalia kiasi. Mwingine akasema kwa kweli siku hizi haivumi kama alipokuwa akipiga marehemu baba yake Lipwata. Wa tatu akasema yeye aliona kwa macho yake mpigaji akipangusa jasho.

Lipwata akaruka juu. "Nani? Nani kaona? Mimi napiga mpaka vidole vinatoka damu! Tazameni!"

Hakuna aliyetazama. Mtu akishafiwa hatazami vidole.

Wakaamua: ngoma ipigwe kwa nguvu zaidi, ipigwe kwa muda mrefu zaidi, na pembe iongezwe. Ikawa hivyo. Ndi! Ndi! Ndi-ndi-ndi! Na pembe: puuu! Vumbi lilitimka kilimani. Na unajua nini kilitokea? Wanawake walikuta mamba kivukoni hata kabla hawajafika. Si Shemeji peke yake! Shemeji na wenzake! Wakatupa mitungi, wakakimbia, na siku ile kijiji kikalala na kiu.

Jumbe akagonga fimbo chini. "Basi. Nimejua ugonjwa uko wapi. Mpigaji hapigi kwa moyo. Kesho mke wake ndiye atakayetangulia kushuka. Ndiye ataingiza mtungi wa kwanza majini. Hapo tutaona kama mpigaji atapangusa jasho."

Watu wote, "Eeeh! Hiyo ndiyo haki!"

Lipwata akafungua ule mdomo wake mpana, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe hakikutoka kitu.

Sasa hapa ndipo anapoingia bibi wetu. Kaeni vizuri.

Palikuwa na kikongwe mmoja kijijini, Bibi Namkunda. Mjane, mwembamba kama ufito, meno yamebaki ya kuhesabu, lakini macho! Macho ya mwewe. Ujanani mwake aliishi kwa kutega kanga, wale ndege wa madoadoa, na kitoweo hakikukosekana kwake mvua na kiangazi. Uzeeni akawa hana kazi ila kukaa huku na huko akitazama wanyama. Anatazama tu! Watoto walimwita Bibi Tazama-Tazama, na watu wazima walimwona amepungukiwa.

Lipwata aliondoka uwanjani moja kwa moja, jua likiwa bado juu, akamtafuta. Alitaka dawa. Mtu aliyekaa peke yake na wanyama miaka yote hiyo, alijiambia, hawezi kukosa dawa.

Akamkuta mbali, upande wa juu wa mto, amejibanza nyuma ya kichuguu, anatafuna muhogo mkavu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Inama. Kichwa chako kinaonekana kutoka ng'ambo."

Akainama. "Bibi, nimekuja na shida. Naomba dawa ya kuipa ngoma nguvu. Kesho Sihaba anatangulia mtoni. Bibi, ni mke wangu. Nipe chochote. Mzizi, majani, chochote."

"Nyamaza kwanza."

"Bibi, kesho..."

"Mjukuu wangu, mdomo wako una kelele kuliko ngoma yako. Kaa, utazame."

Akakaa. Akatazama. Mbele yao palikuwa na mchanga mpana, na mbele ya mchanga, maji. Mara wakaja swala. Wakasimama. Masikio huku, masikio kule. Hawakusogea. Lipwata akafikiri wameota mizizi. Ghafla wakashuka mbio, wakanywa mafunda mawili matatu huku miguu ya nyuma imekaa tayari kama mshale kwenye upinde, na fyuu! Wamepotea.

"Umeona?" bibi akanong'ona. "Jana walinywea pale kwenye mawe, asubuhi. Juzi walinywea kule kwenye matete, jioni. Leo hapa. Kesho hata mimi sijui, na mimi nawatazama miaka. Kama mimi sijui, Shemeji atajua?"

"Bibi, mimi si swala. Mimi nina ngoma."

"Subiri."

Wakaja nyani. Jike kubwa mbele, watoto mgongoni, dume nyuma likifunga msafara. Hawakwenda majini hata kidogo! Walisimama mbali na maji, katikati ya mchanga. Jike likakaa kitako, likaanza kufukua. Fuku, fuku, fuku. Mchanga ukaruka nyuma. Likangoja, linajikuna tumbo. Kisha likainamisha kichwa ndani ya shimo, likanywa. Likanywa taratibu, kama mtu aliye kwao.

Lipwata akasahau kunong'ona. "Anakunywa nini? Mchanga?"

"Maji, mpumbavu wangu. Mto unapita na chini ya mchanga. Mamba atapita huko?"

Lipwata akajikuna kichwa. Jambo lilikuwa linamjia, lakini hakulitaka. "Bibi, dawa."

Bibi Namkunda akatema maganda ya muhogo. "Nikuulize. Unajua nilivyokuwa nikitega kanga?"

"Kwa nyavu, nadhani."

"Nyavu za nini! Nilikuwa napiga mluzi na kumwaga mtama. Napiga mluzi, namwaga mtama. Siku za kwanza waliposikia mluzi walikimbia. Baadaye wakawa wanasimama. Baadaye wakawa wanakuja. Mwishowe mtama nikaula mwenyewe, mluzi peke yake nikapiga, na kanga wakaja mbio wakijikwaa mpaka miguuni pangu. Nikawa nachagua mnene. Sema, nani alikuwa mjinga, mimi au kanga?"

"Kanga!" Lipwata akacheka.

"Na ninyi mnaoshuka na nyama zenu mtoni kila ngoma ikilia?"

Kicheko kikakatika.

"Nilipokuwa msichana," bibi akaendelea, "babu yako alipiga ngoma hiyo, na wanaume wote wakaingia majini na mikuki na marungu. Wakachoma, wakapiga. Mamba akisikia ngoma alijua maumivu yamekuja, akakimbia. Wanaume wakaona mamba anakimbia ngoma. Wakasema, aa, kumbe ngoma yatosha! Mikuki ikabaki nyumbani, wanaume wakabaki kivulini. Shemeji akawa anasikia ngoma, anangoja maumivu, maumivu hayaji. Anainua kichwa, anaona wanawake wamejipanga, mbuzi wamejipanga. Saa ileile, mahali palepale. Mjukuu wangu, mnyama hafi njaa kwa kukosa meno. Hufa njaa kwa kutojua chakula kitapita wapi. Na wewe unamwambia kila siku, tena kwa sauti ya nyati!"

Lipwata akasimama wima, kichwa kikaonekana mpaka ng'ambo na zaidi. "Bibi! Unasema ngoma ya babu yangu ndiyo inayomwita? Mimi ndiye niliyemwita Shemeji kwa Nachenga?"

"Sijasema wewe. Nimesema ngoma."

"Ni kitu kimoja!"

"Hilo ndilo tatizo lako," bibi akasema. "Sikuombi uniamini. Kesho ukipiga, geuka. Geuka tu utazame mto."

"Mwiko!"

"Mwiko huo ndio uliomnenepesha Shemeji. Vizazi vyote hivyo, hakuna mpigaji hata mmoja aliyewahi kuona mamba wanafanya nini akipiga."

Lipwata akaondoka kwa hasira. Alifika nyumbani, hakula. Sihaba alimtazama, akamuuliza, "Dawa umepata?" Akajibu, "Yule bibi amezeeka." Sihaba akasema, "Sijakuuliza umri wake."

Kesho ikafika, kama inavyofika hata usipoitaka.

Jua likapanda. Jua likasimama utosini. Kijiji kizima kikajaa kilimani. Jumbe Mtopela akasimama mbele ya ngoma na fimbo yake, akimkodolea macho mpigaji. Mpiga pembe akalamba midomo. Bibi Namkunda alikuwapo pia, ameketi chini nyuma ya ngoma, upande wa mto, na hakuna aliyemjali.

Sihaba akapita na mtungi wake. Akasimama mbele ya mumewe. Mdomo wake ulikuwa uleule.

"Piga vizuri," akamwambia. "Mimi nilikubali mume mmoja tu. Sitaki kuolewa na Shemeji."

Akashuka. Wanawake wengine wakafuata mbali nyuma yake, mbali kweli.

Lipwata akapiga. Ndi! Ndi! Ndi-ndi-ndi!

Akapiga! Hajawahi kupigwa mtu wala kitu namna ile. Ndi! Ndi! Ndi-ndi-ndi! Vumbi likatimka, majani yakadondoka, kuku walioko kijijini wakataga kabla ya siku yao. Na pembe: puuu! Jumbe akatikisa kichwa, "Naam! Sasa anapiga!" Jasho likamwingia Lipwata machoni na hakulipangusa. Alikuwa anaangalia kijiji, na paa za nyumba, na kitambi cha Jumbe. Lakini mawazo yote yalikuwa nyuma ya mgongo wake. Shingo ilimwasha. Shingo ilimvuta. Alijiambia, sigeuki. Babu hakugeuka. Baba hakugeuka. Ndi! Ndi! Ndi-ndi-ndi!

Nyuma yake ikatoka sauti ndogo, ya taratibu, kama ya mtu anayeona wageni njiani.

"Hao wanakuja," akasema Bibi Namkunda.

Lipwata akageuka.

Watu wakapiga yowe. "Mwiko! Mwiko!" Jumbe akainua fimbo. Lipwata hakusikia yowe wala hakuona fimbo. Aliuona mto. Maisha yake yote alikuwa akiupigia ngoma, na hiyo ndiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kuuona akipiga.

Walikuwa wanakuja! Kutoka kwenye mchanga wa ng'ambo waliteleza majini mmoja mmoja, chubwi, chubwi, chubwi. Kutoka kwenye matete. Kutoka chini ya mti ulioanguka. Pua na macho, pua na macho, kila moja na mkia wa mawimbi nyuma yake, na yote yameelekea mahali pamoja. Kivukoni. Walikuja bila haraka, kama watu walioitwa karamuni na kujua kuwa chakula hakijapakuliwa. Na mbele yao wote, Shemeji.

Na kivukoni, magoti ndani ya maji, Sihaba ameinama na mtungi wake.

"Sihaba! Toka!" Lakini pembe ilikuwa inalia, puuu, na yowe lilikuwa linalia, na Sihaba alikuwa chini mbali. Hakusikia.

Mikono ya Lipwata ikaacha kupiga. Mamba wakasimama. Vichwa vyao vikasimama majini, vinasikiliza. Akapiga kofi moja, ndi! Wakaja tena.

Hapo akili ikamwingia yote kwa mara moja, kama maji kwenye mtumbwi uliotoboka. Akaikumbatia ngoma. Ngoma ambayo hubebwa na wanaume wanne! Akaiinua peke yake, akaitupa begani, akateremka mbio, si kuelekea kivukoni, bali upande wa chini wa mto, anapiga kwa mkono mmoja anakimbia. Ndi! Ndi! Ndi-ndi-ndi! Akaanguka, akainuka. Ndi! Ndi!

Na mamba wakageuka! Waliokuwa wanakwenda kivukoni wakaacha kivuko. Pua na macho, pua na macho, wakaifuata ngoma kando ya ukingo kama vifaranga wanavyomfuata mama.

Wote, isipokuwa mmoja.

Shemeji hakugeuka. Mzee yule hakuhitaji ngoma tena, alikuwa ameshaiona nyama. Macho yake yakazama. Pua ikazama. Maji yakawa shwari, na ushwari ule ulikuwa mbaya kuliko mawimbi.

Lipwata akaona. Akageuza njia, akarudi kando ya maji kwa mbio ambazo mpaka leo mchanga wa pale una mashimo. Nani anabisha? Hakuna? Tuendelee. Akafika kivukoni Sihaba anainua mtungi, anamwona mumewe anakuja na ngoma begani, anafungua mdomo amuulize umerukwa na akili, na hapohapo maji yakapasuka.

Pwaaa!

Taya la juu likaenda juu, taya la chini likabaki chini, na katikati palikuwa pekundu na parefu kama njia ya kwenda kusikorudika. Lipwata hakuwa na mkuki. Hakuwa na rungu. Alikuwa na kitu kimoja tu mikononi. Kitu cha babu. Kitu cha baba. Kitu kilichompa mabega na jina na mwendo wa njiani.

Akakisukumiza ndani.

KWAA!

Meno yakafunga, yakakutana na mkongo. Ngoma ikakwama kooni kama kizibo kwenye kibuyu. Lipwata akamnyakua mke mkono mmoja, mtungi ukaenda zake, na wawili wakaangukia mchangani mbali na maji wakihema.

Na Shemeji? Hapo ndipo patamu. Shemeji alitikisa kichwa aitapike. Mkia ukapiga ngozi ya ngoma iliyojitokeza mdomoni. Ndi! Akatikisa tena. Ndi! Ndi! Akajipindua, akajikunja, akajipiga. Ndi-ndi-ndi! Na wale mamba wenzake kule chini wakasikia. Ngoma inalia! Chakula! Wakageuka wote, wakaja mbio. Shemeji akawaona, akakimbia. Kadiri alivyokimbia ndivyo ngoma ilivyolia, na kadiri ilivyolia ndivyo walivyomfukuza. Ndi! Ndi! Ndi-ndi-ndi! Wakapita kona ya mto. Ikasikika kwa mbali. Ikasikika kwa mbali zaidi. Ikapotea.

Kimya.

Sihaba akapangusa mchanga usoni. "Umegeuka," akasema.

"Nimegeuka."

"Na ngoma?"

"Imekwenda."

Sihaba akamtazama yule mwanamume wake, mikono mitupu. Safari hii hakumtania. Akaishika ile mikono yote miwili, akaiweka mapajani pake, wakakaa hivyo.

Jumbe Mtopela akateremka anahema, fimbo mbele. "Umevunja mwiko! Umepoteza ngoma ya kijiji! Sasa maji tutachotaje? Eeh? Tutakunywa nini?"

Lipwata akanyanyua kidole, akaonyesha juu. Bibi Namkunda alikuwa anashuka kilimani polepole, na hakuelekea majini. Alikwenda katikati ya mchanga, akakaa kitako, akaanza kufukua kwa kifuu cha nazi. Fuku, fuku, fuku. Wanawake wakamzunguka. Mchanga ukawa na unyevu. Ukawa matope. Akangoja, anajikuna tumbo. Maji yakapanda taratibu, yakatua, yakawa meupe kuliko ya mto.

"Chota," akamwambia Sihaba.

Jumbe akakunja uso. "Maji ya nyani!"

"Ya nyani," bibi akakubali. "Na umewahi kusikia msiba kwa nyani?"

Jumbe akasema yeye ni mtu mkubwa, hawezi kunywa shimoni. Akarudi nyumbani na kiu yake na heshima yake. Jioni haijafika alionekana mchangani, amepiga magoti, kitambi kimemzuia kufikisha mdomo, na Lipwata ndiye aliyemchotea.

Toka siku hiyo kijiji kile kikaacha kushuka mtoni kwa mwito. Wakachimba mashimo mchangani, leo hapa, kesho pale. Wakifika walisimama kwanza, kimya, wakatazama. Na Lipwata? Kila siku alikuwa nyuma ya kichuguu pamoja na yule bibi, kichwa chini, mdomo umefungwa, akijifunza nani anakunywa wapi na nani anamngoja nani. Wanasema kufunga mdomo ndiko kulikomtesa zaidi. Na Bibi Namkunda alipofariki, miaka mingi baadaye, hakupigiwa ngoma. Watu walisimama kimya mchangani, nyuso zimeelekea mtoni, wakatazama kwa muda mrefu. Hakuna aliyewahi kuheshimiwa hivyo kijijini pale, hata hao majumbe.

Basi ndugu zangu, sikieni ninachowaambia. Adui yako naye anakutazama, naye anajifunza. Silaha iliyomtisha jana, leo ameshaizoea, kesho ataifanya saa yake ya kula. Usiipende hata ukashindwa kugeuka kuangalia kama bado inafanya kazi.

Hadithi yangu imekata pumzi hapo. Mwenye kubisha, mto bado upo palepale. Aende akapige ngoma.